Nyumba yetu ni bei gani, na nani anaitaja?

Maneno tuliyosema mbele ya wakaaji wa Mangobo, Kisangani



Tumewaita kwa neno moja: nyumba ndogo ya mstari, ile inayogawana ukuta na jirani, na namna ya kujua thamani yake. Tangu tulipotangaza mkutano huu kuna waliotucheka: «Vijana wa mapambano sasa wamegeuka makomisionere?» Hapana. Hatuuzi nyumba ya mtu, hatutafuti mnunuzi, hatuchukui komisyo. Wengi wetu tumemaliza universite na tungali mashomeri. Muda tunao, kuhesabu tunajua, na miguu ya kupita avenyi kwa avenyi bado ni mizima. Njo maana tumefanya kazi hii.

Tumepita kwenye parseli za Mangobo, Tshopo na Kabondo tukiuliza swali moja: nyumba yako ni bei gani? Jibu lililorudi mara nyingi ni hili: «Itategemea mwenye kununua atasema ngapi.» Jibu hilo linatutia wasiwasi. Mama anayeuza mihogo sokoni anajua bei ya fungu lake kabla mnunuzi hajafungua kinywa. Anajua alinunua ngapi, alilipa toleka ngapi, na mwenzake wa meza ya pili anauza ngapi. Lakini mama huyohuyo, siku ya kuuza nyumba, kitu kikubwa kuliko vyote alivyo navyo hapa duniani, anamwachia mgeni ataje bei ya kwanza.

Na mgeni huyo hakosi kuja. Anakuja baba akifa na watoto hawasikilizani. Anakuja mgonjwa akiwa amelala hospitali na fatira inapanda kila siku. Anakuja wakati wa kulipia mtoto masomo. Na kuna siku nyingine anakuja akiwa amevaa kofia ya Leta: barabara itapita hapa, tutakulipa kiasi hiki, tia sahihi. Au anakuja na fomu ya malipo ya vita. Mara zote hizo bei inatajwa na mwingine, na mwenye nyumba anabaki kusema ndiyo au kulia.

Tuanze na vita, kwa sababu hapo Kisangani imelipa somo hili kwa damu.

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya mji wetu. Kati yetu tunaosimama hapa mbele, wengine tulikuwa hatujazaliwa, wengine tulikuwa mgongoni mwa mama zetu tukikimbizwa porini. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliokuja kuangalia hasara ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa, waliojeruhiwa wapata 1,700, na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibiwa, zilizobomoka kabisa au zisizoweza kukaliwa tena. Tayari tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama lilikuwa limeandika katika azimio lake namba 1304 kwamba Uganda na Rwanda wanapaswa kulipa fidia kwa watu waliokufa na mali iliyoharibiwa hapa Kisangani. Tangu siku ile swali halikuwa tena kama nyumba zilibomoka. Swali lilikuwa: nyumba zile zilikuwa za bei gani?

Kwa upande wa Rwanda, Korti ya Kimataifa ya Haki ya La Haye ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuhukumu kesi ile. Kwa upande wa Uganda, ilihukumu tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ina deni kwetu. Halafu tukangoja. Serikali ya Congo na ya Uganda hawakusikilizana juu ya kiasi, kesi ikarudi kortini, na tarehe 9 Februari 2022 korti ikataja hesabu: dola milioni 325. Milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa asili ulioibwa, na milioni 40 kwa ajili ya mali iliyoharibiwa.

Tusimame kidogo kwenye zile milioni 40. Kwa mali peke yake, Congo ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni 239. Tumepata milioni 40. Ni kama mtu ameomba sita akapewa moja. Je, majaji walisema nyumba hazikubomoka? Hapana, hilo hakuna aliyelikataa. Walisema karatasi zilizoletwa hazitoshi kupima hasara, nyumba kwa nyumba. Mwaka 2020 korti ilikuwa hata imeweka wataalamu wanne wayatazame mahesabu haya. Mwisho wake ikakadiria jumla moja kwa nchi nzima, kwa busara yake. Kwa hiyo milioni 40 hizo si za Kisangani peke yetu. Ndani yake mna Ituri, ambako vijiji vizima vilichomwa, mna Beni, mna Butembo, mna shule na majengo mengine. Ukichukua milioni 40 ukagawa kwa nyumba 4,000 za hapa tu, unapata dola 10,000 kila nyumba, na mtu anaweza kufurahi. Lakini hesabu hiyo ni ya uongo, kwa sababu meza ile ina wageni wengi.

Hatuwalaumu wazee wetu. Mtu anayekimbia mabomu na watoto wanne habebi metro ya kupimia chumba. Tunayemlaumu ni Leta. Toka 2000 hadi 2022 ni miaka zaidi ya ishirini, na katika miaka hiyo yote ingeweza kutuma vijana wenye kalamu wapite mstari kwa mstari, waandike, wapige picha, wachukue sahihi za mashahidi wakati wangali hai. Vijana wasio na kazi hawakukosekana, hata wakati ule.

Sasa tuseme juu ya nyumba zenyewe. Kwa nini tumechagua nyumba ya mstari, na si villa ya Makiso? Kwanza kwa sababu ndizo zetu. Nyingi ni za zamani. Wabelgiji, kuanzia 1952, waliweka ofisi iliyoitwa OCA, Ofisi ya Miji ya Waafrika, ikajenga nyumba za kufanana hapa Stanleyville kama ilivyojenga Léopoldville, Élisabethville, Bukavu na Usumbura. Baadhi zilipangishwa, baadhi ziliuzwa kidogo kidogo, na mzee akalipa kwa mshahara wake mwezi kwa mwezi. Baadaye wengi wamejenga kwa mfano ule ule: vyumba viwili na saloni, jirani kulia, jirani kushoto, kiwanja kidogo nyuma cha kupikia na kuanika nguo. Mtu anayepita anasema, «Vile vijumba?» Lakini kwenye vile vijumba ndimo walimu, manesi, makarani na machofere wa mji huu walimolelewa.

Pili, kwa sababu nyumba ya mstari ina hesabu yake, na makomisionere wengi wanaipima kama nyumba ya peke yake. Ukuta wako ni nusu wa jirani. Bati lako limeingia chini ya bati lake. Likitoboka kwake, maji yanashuka kwako. Huwezi kuongeza chumba pembeni kwa sababu pembeni hakuna. Ukitaka kupandisha gorofa, jirani ana neno la kusema, maana uzito utakaa kwenye ukuta wake pia. Hayo yote yanapunguza bei. Lakini kuna yanayoipandisha. Kuijenga upya ni rahisi kuliko nyumba ya peke yake, kwa kuwa kuta mbili mnagawana gharama. Mwizi hana pa kupenya pembeni. Na jambo kubwa kuliko yote: nyumba zote za mstari zinafanana. Jirani yako akiuza, amekupa kipimo. Mwenye villa hana bahati hiyo, kwa sababu villa mbili hazifanani.

Thamani ya soko ni nini basi? Ni bei ambayo mtu anayetaka kuuza, lakini halazimishwi, na mtu anayetaka kununua, lakini halazimishwi, wangekubaliana, kila mmoja akijua anachouza na anachonunua, na wakipewa muda. Shikeni lile neno: halazimishwi. Mwaka 2023 moto wa Mbole na Lengola ulipowaka upande wa Lubunga, watu walivuka mto na virago vyao. Mtu akiuza nyumba siku anapokimbia, ile bei aliyopokea ni bei ya hofu. Vilevile bei ya mgonjwa aliye hospitali, vilevile bei ya mjane anayesukumwa na mashemeji. Kesho komisionere atakuja kwako na kusema, «Kule jirani waliuza kwa kiasi fulani tu.» Muulize: waliuza wakiwa katika hali gani?

Tupige mfano. Tunasema wazi, hizi ni namba za mfano, msizibebe nyumbani kama bei ya avenyi yenu. Tuseme nyumba iko katikati ya mstari, vyumba viwili na saloni, matofali ya kuchoma, bati limechoka, umeme wa SNEL unakuja na kwenda, bomba la Regideso liko uani. Haina sertifika ya uandikishaji, ina karatasi za komini tu. Unatafuta katika mstari ule ule, au mstari unaofanana, nyumba zilizouzwa miaka miwili iliyopita. Zilizouzwa, siyo zinazotangazwa. Bei iliyoandikwa kwa chaki ukutani ni ndoto ya muuzaji. Bei iliyolipwa ndiyo habari. Unapata tatu: dola 7,000, dola 5,000 na dola 9,000. Vijana wengi wa hesabu za haraka watazijumlisha na kugawa kwa tatu. Hapana! Ile ya 5,000 iliuzwa kwa wiki moja, mwenyewe anatafuta feza za operesheni, iweke pembeni. Ile ya 9,000 iko kwenye kona, inaangalia barabara, mnunuzi amefungua butiki. Ya kwako haina mlango wa butiki. Inabaki ya 7,000, nayo ina bati jipya na sertifika. Sasa uliza fundi: bati la nyumba yako kulibadilisha ni ngapi? Tuseme 600. Uliza gharama yote ya kufuatilia sertifika, kuanzia kadastre mpaka kwa mwandikishaji wa hati, kwa njia halali: tuseme 800. Toa vyote viwili. Umefika 5,600.

Usiamini njia moja. Chukua njia ya pili, ya kupangisha. Nyumba kama ile inapangishwa ngapi kwa mwezi? Tuseme dola 50. Kwa mwaka ni 600. Lakini kuna mwezi mpangaji ametoka na mwingine hajaingia, kuna kufuli limeharibika, kuna kodi ya Leta, tuondoe 100. Inabaki 500. Mnunuzi anayetaka kurudisha feza zake kwa miaka kumi atakupa 5,000. Anayevumilia miaka kumi na miwili atakupa 6,000. Halafu njia ya tatu, ya fundi: kuijenga leo ingekula ngapi? Hesabu matofali, mifuko ya simenti, mbao, mabati, misumari, mikono. Tuseme 6,400. Nyumba imezeeka, imekula nusu ya maisha yake, inabaki 3,200. Ongeza bei ya kiwanja kitupu cha ukubwa ule, kwenye kartie ile, tuseme 2,400. Umefika tena 5,600.

Ukiona njia tatu zinakaribiana, unaweza kulala usingizi. Nyumba ile ni kati ya 5,000 na 6,000. Hatusemi ni 5,600 na senti kumi. Anayekutajia thamani ya nyumba mpaka senti anakudanganya au anajidanganya. Lakini akija mtu na 3,000 mkononi, unamjua ni nani. Na akija mwanao na kusema usiuze chini ya 15,000 kwa sababu rafiki yake wa Kinshasa aliuza hivyo, unamjua pia. Kinshasa ni Kinshasa.

Njia ya fundi kwetu ina matata yake. Simenti inapanda hapa kwa mto kutoka Kinshasa, au inakuja kwa barabara kutoka upande wa Beni. Mto ukishuka, balenieri zinakawia. Mvua ikinyesha na barabara ikakatika, malori yanalala njiani. Mfuko ule ule unaweza kuwa na bei mbili katika mwaka mmoja. Kwa hiyo andika tarehe. Bei bila tarehe haina maana, hasa kwetu ambako tunahesabu nyumba kwa dola na kununua chumvi kwa franka.

Tumefika kwenye makaratasi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni wa Leta, na haki ya mtu juu ya kiwanja inathibitishwa na sertifika ya uandikishaji. Nyumba uliyojenga ni yako, lakini bila sertifika umekaa juu ya kigoda cha miguu miwili. Wengi wetu tuna fishi ya parseli, karatasi ya shefu wa kartie, na barua ya mauzo ya mwaka ambao aliyeandika alishakufa. Msizitupe! Zinasaidia kuonyesha historia. Lakini mnunuzi mwenye akili atakata bei kwa sababu yake, na ana haki. Ndiyo maana tunasema: familia yenye uwezo kidogo, kabla ya kununua makochi mapya, ifuatilie sertifika. Makochi hayaongezi hata dola moja kwenye bei ya nyumba.

Bamama wajane, neno moja kwenu. Kodi ya Familia ya 1987 inampa mjane haki ya kuendelea kukaa na kutumia nyumba aliyoishi na mume wake, hata kama watoto ndio warithi. Shemeji akija na mnunuzi kabla matanga hayajaisha, mwambie hivi: «Shemeji, tunakuheshimu, lakini kwanza tutapima nyumba, halafu tutakaa wote na watoto, halafu tutaona.» Halafu njooni kwetu, tutawasindikiza kwa avoka.

Na Leta akitaka nyumba yako kwa ajili ya barabara au soko? Katiba, kifungu cha 34, inasema hakuna anayenyang'anywa mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na kwa fidia ya haki inayolipwa kwanza. Inayolipwa kwanza, siyo tingatinga kwanza na ahadi baadaye. Sheria ya tarehe 22 Februari 1977 ndiyo inayopanga utaratibu wenyewe, na mtu anaweza kukataa kiasi alichopewa na kwenda tribinali. Lakini mbele ya juji ukisema tu «ni kidogo», utarudi nyumbani na kidogo hicho. Ukisema «ni kidogo, na hii hapa hesabu yangu, nyumba tatu za mstari wangu, bei ya kupangisha, gharama ya fundi, tarehe na sahihi», umekuwa mtu wa kujibiwa.

Turudi kwenye feza za La Haye, kwa sababu hazijaisha. Korti ilipanga Uganda ilipe mara tano, milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. La mwisho limepangwa tarehe 1 Septemba 2026. Mfuko wa kugawa fidia, FRIVAO, una makao hapa hapa Kisangani. Na tumeona yaliyotokea: Septemba 2025 Korti ya Kasasyon ilimhukumu aliyekuwa waziri wa sheria miaka mitatu ya kazi ngumu katika kesi ya karibu dola milioni 19 zilizotoka kwenye feza za wahanga, kwa ajili ya kujenga gereza katika mji wetu. Gereza! Watu waliobomolewa nyumba, feza zao zijenge gereza. Hatutaongeza neno juu ya hukumu ile, majaji wamesema. Sisi tunauliza swali la nyumba.

Tunauliza kipimo. Mama wa Mangobo ambaye nyumba yake ya mstari ilipigwa na bomu mwaka 2000, anahesabiwa kwa kipimo gani? Nyumba yake imewekwa katika kundi gani, na nani aliiweka? Inahesabiwa kwa bei ya 2000, au kwa gharama ya kuijenga leo? Ukuta uliokuwa wa familia mbili unahesabiwa mara moja, mara mbili, au hauhesabiwi? Kipimo hicho kibandikwe kwenye mlango wa kila komini, kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa Lingala, ili hata asiyejua kusoma aweze kusomewa na mtoto wake. Kila anayepimwa apewe kopi ya karatasi aliyotia sahihi. Na familia mbili za mstari mmoja, zenye nyumba zinazofanana, zikipewa kiasi tofauti, zielezwe sababu kwa maandishi. Hatuombi zawadi. Mfanyabiashara wa chumvi anatakiwa kubandika bei. Mgawaji wa fidia naye abandike.

Kuna waliotuambia, «Vijana, mnachelewa, hesabu zimeshafanyika, listi zimeshafungwa.» Pengine. Lakini listi iliyofungwa inaweza kupingwa, na asiye na hesabu hana cha kupingia. Isitoshe nyumba bado ziko, na nyingine zitauzwa mwezi huu.

Jambo la mwisho, na kwetu ndilo lenye uzito. Mtu mmoja akipima nyumba yake peke yake, watasema anajipendelea. Lakini mstari mzima ukipimwa siku moja, nyumba kumi au kumi na mbili, kwa metro moja, kwa fomu moja, jirani akishuhudia kwa jirani, ile karatasi inakuwa na nguvu nyingine. Namba tatu anaweza kusema: bomu liliangukia namba nne, na ukuta wangu ukafunguka. Namba nne anasema: ndiyo, na bati lake lilitua kwenye uwanja wangu. Namba tano anakumbuka aliyekuwa mpangaji mwaka ule. Ushahidi wa mmoja unashika wa mwingine kama kuta zenyewe. Wazee walioona kwa macho wanapungua kila mwaka. Mwaka huu tu tumezika wengi. Tusingoje.

Kwa hiyo tunaanza Jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, na mstari wa kwanza utakaotaka wenyewe kuanza. Tutakuja watu wanne wanne, mmoja ni fundi. Hatutaomba hata franka moja. Chai tukipewa tutakunywa. Leteni karatasi zote mlizo nazo juu ya parseli, hata zilizoliwa na mende, lakini msitupe orijinali. Tutapiga picha mbele yenu na kuwarudishia mkononi. Tutapima vyumba, tutaandika hali ya kuta, bati, umeme na maji, tutauliza bei za kupangisha na za kuuza katika mstari. Hesabu tutaifanya mbele yenu, kwa sauti, ili anayetaka kubisha abishe pale pale. Kila familia itabaki na kopi yake yenye tarehe na sahihi za majirani wawili. Ya pili itakaa kwetu. Hatutaionyesha mnunuzi wala komisionere yeyote.

Wanaotaka mstari wao uwe wa kwanza, tupeni jina la avenyi sasa kabla hatujaachana. Na aliye na metro ndefu ya fundi, ile ya mita thelathini, tunaiomba kwa mkopo. Yetu ni ya mita tano.